Watoto wa Mama Yangu ni Wangapi

Nyumbani, 14 Januari

Mdogo wangu Dereva,

U hali gani huko ndani? Huku nje hatujambo, ukiondoa maumivu madogo madogo ambayo watu wa umri wangu huyafuga ili wasikose la kusema. Mama anakusalimia. Meno yamebaki manne ila maneno yako kamili. Shemeji yako anasema soksi alizokufumia zivaliwe na wewe, si na nyapara. Salamu pia kwa Bwana Miwani, mkaguzi wenu wa barua, maana najua ataisoma hii kabla yako. Bwana Miwani, barua yangu iliyopita ilikaa mezani kwako wiki tatu. Silalamiki. Nimehesabu tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kiwanda cha barafu kimefungwa. Sikukuambia nilipokuja Desemba kwa sababu ulikuwa unacheka, na siku hizi sikuoni ukicheka mara nyingi. Miaka ishirini na sita nimehangaika na kompresa zile, na siku ya mwisho zilizimwa na mtu wa usafi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu na swichi.

Isingekuwa wewe ningekaa nyumbani nikamsumbua shemeji yako. Lakini ile kamati ya kuachiwa mapema inakaa Julai, na karatasi waliyonipa inasema mdhamini awe ndugu wa damu, mwenye makazi yanayojulikana na ajira ya kudumu. Damu ninayo. Makazi yanajulikana hata na panya. Ajira ndiyo imeyeyuka pamoja na barafu.

Kwa hiyo nimeomba kazi kwenye kampuni ya kompyuta. Usicheke kwanza. Wana ukumbi mzima wa mashine zinazotunza kumbukumbu za mabenki na hospitali, na mashine hizo hupata joto kama mgonjwa wa malaria. Wanatafuta fundi wa kuzipoza.

Nilikwenda kwenye usaili wa kwanza na suti ya harusi yangu. Suruali ilikataa kufunga, nikaifunga kwa imani na mkanda. Walitukalisha kwenye chumba cha vioo, watu ishirini na watatu, wa nafasi mbalimbali. Viti vyao si viti, ni mifuko mikubwa laini, ukikaa, unazama. Nilizama. Nilipoitwa sikuweza kunyanyuka, ikabidi wasailiwa wawili wanivute, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, kama lori lililokwama matopeni. Wewe unajua zaidi habari za malori.

Mmoja wa walionivuta alikuwa mwalimu wa hesabu. Huu ni usaili wake wa tano kwenye kampuni hiyo hiyo, kila mara nafasi tofauti. Wote wanamwita Mwalimu na wanamzunguka kumuuliza, maana ana uzoefu.

"Kaka," akaniambia, "duru ya kwanza wanakuchekea. Ya pili wanakupima. Ya tatu wanakuchunguza. Ya nne wanakushukuru kwa kuja."

"Na ya tano?"

"Ya tano sijawahi kuiona."

Waliponiingiza chumbani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na skrini na kiti. Nikaisalimu ile skrini. Haikuitikia. Ikaandika: "Tueleze siku ulipofeli na ulichojifunza. Una sekunde tisini." Halafu tarakimu zikaanza kushuka. Mdogo wangu, nilikuwa bado nachagua siku niliyofeli ni ipi, maana ziko nyingi, zikabaki sekunde ishirini. Nikasema: "Nilifeli kuacha kazi mapema kabla kazi haijaniacha mimi." Ikazimika.

Sijui kama nimepita. Wewe kaa vizuri. Julai si mbali.

Kaka yako


Gerezani, 6 Februari

Kaka,

Barua yako ya tarehe 14 imenifikia jana. Mimi mzima. Karakana tunatengeneza madawati ya shule, na mkono wangu wa kushoto sasa unajua kupiga randa kuliko ulivyowahi kujua kushika usukani. Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie shemeji soksi ninazo. Nyapara alizitamani, nikamwambia aliyezifuma ana mdomo, akaziacha.

Nimewasomea wenzangu wa chumba habari za kile kiti cha mfuko. Jamaa mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Sasa kila mmoja anataka kujua kama umepita. Huku hatuna mpira wa kufuatilia, kwa hiyo tunafuatilia usaili wako.

Nasikitika kuhusu kiwanda. Ulipaswa kuniambia Desemba.

Juzi ilitimia miaka minne tangu ile asubuhi. Bado naiona baiskeli kabla sijamwona mtu. Bado nasikia mguu wangu ukikanyaga mafuta badala ya breki, nikaondoka, nikalala nyumbani kwako usiku mzima bila kukuambia, ndipo asubuhi nikaenda mwenyewe polisi. Kama ningesimama pale pale, labda yule mtu angefika hospitali. Hilo hakuna kamati ya kuniachia. Kwa hiyo usijiumize sana kwa ajili ya Julai.

Lakini nikisema sitaki kutoka nitakuwa mwongo. Mama anazeeka.

Niandikie duru ya pili.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama alipata mafua, akapona, akatuambukiza wote, sasa yeye ndiye mzima peke yake na anatuonea huruma kwa sauti kubwa. Shemeji yako amepaka rangi mlango. Usiniulize rangi gani. Yeye anasema ni maziwa, mimi naona ni vumbi.

Nimepita duru ya kwanza! Waambie wenzako chumbani. Ile skrini, kumbe, ilinielewa.

Duru ya pili ilikuwa ya vitendo. Tulibaki mafundi wanne. Watatu wamezaliwa mimi nikiwa tayari na kitambi. Walituweka mbele ya mtambo wa kupoza uliokuwa umeharibiwa makusudi, wakasema tafuteni tatizo. Wenzangu wakafungua kompyuta zao za mapajani, wakaunganisha nyaya, wakaanza kusoma namba. Mimi sina kompyuta ya mapajani. Mapaja yenyewe hayana nafasi. Nikashika bomba kwa kiganja kabla ya chujio, lilikuwa vuguvugu. Nikashika baada ya chujio, baridi, na jasho juu yake. Nikasema, "Chujio limeziba."

Mkuu wa mitambo ni mwanamke wa umri wa binti yangu, ana kalamu tatu nywelini na huwa anatafuta ya nne. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikamwambia gesi ikipita mahali pembamba hupata baridi, kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Akacheka. Akaandika kitu. Nikajua hapo nimeingia moyoni mwake kikazi.

Baada ya hapo tulipewa fomu kurasa kumi na moja za kujaza. Kuna ukurasa wa familia. Unajua fomu zilivyo, niliijaza haraka haraka. Mwalimu alikuwa pembeni anajaza ya kwake na kutushauri sote, nani asubuhi ile asingemsikiliza.

Jumamosi iliyopita sikuja. Goti limenisumbua. Na Jumamosi hii nadhani halitakuwa limepona. Usifikirie vibaya, ni goti tu.

Mama ananiuliza kila siku Julai ni baada ya miezi mingapi. Namwambia. Kesho anauliza tena.

Kaka yako


Gerezani, 11 Machi

Kaka,

Natumaini mama na shemeji wamepona. Mimi mzima. Madawati yanaendelea. Mvua imeanza kuvuja pembeni mwa karakana na tumehamisha mbao.

Pole na goti.

Nina machache leo. Usije kwanza. Si kwamba sitaki kukuona. Kaa tu nyumbani mpaka mambo yako ya kazi yaishe, hata kama goti limepona. Na yale uliyokwisha kuandika kule, yaache kama yalivyo. Wakikuuliza tena, jibu vile vile. Usibadilishe hata nukta. Tafadhali, kaka. Siwezi kueleza zaidi, unajua barua hizi zinapita wapi.

Wenzangu wanauliza duru ya tatu. Nimewaambia nitawapa habari.

Mdogo wako


Nyumbani, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Mwezi wa tatu umepita bila barua yako. Bwana Miwani, kama unayo, iachie, hata kama haina siri ya kukufurahisha.

Sote wazima. Leo sitaleta utani mwingi, nivumilie.

Kuna jambo sikukuandikia. Goti langu ni zima. Kwenye ile fomu kulikuwa na swali: ndugu zako ni wangapi, wako wapi, na je, kuna aliyewahi kuhukumiwa. Kalamu ilisimama hapo. Mwalimu akaona. Akaninong'oneza, "Kaka, hapo ndipo wanapokatwa wengi. Mwaka jana kuna jamaa aliandika mjomba wake alifungwa, hatukumwona tena." Wote mezani wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja alikuwa na jamaa yake anayemjua aliyeandika ukweli akapotea.

Nikaandika: sina ndugu. Kwenye nafasi ya idadi nikaweka sifuri, sifuri nzuri ya mviringo, kama nilivyokufundisha wewe kuiandika ulipokuwa na miaka mitano. Ndiyo maana sikuja. Niliogopa kitabu cha wageni pale getini, nikijua wana watu wa kupekua.

Nilijiambia ninafanya kwa ajili yako. Bila kazi hakuna mdhamini, bila mdhamini hakuna Julai. Nililipanga vizuri kichwani. Lakini jioni moja mama alikuwa anachambua mchele, akaniuliza, "Hao watu wa kompyuta wanauliza nini muda wote huo?"

Nikasema, "Mambo mengi, mama. Hata watoto wako ni wangapi wameuliza."

"Umewaambia wangapi?"

Nikainama kuokota punje zilizodondoka sakafuni. Akaacha kuchambua. Aliinua sinia, akaenda kuchambulia nje.

Duru ya tatu, ile ya kuchunguzwa, sikuitwa mahali, niliambiwa tu nimeingia ya nne. Jumatatu, tarehe 31, ndiyo ilikuwa duru ya nne. Watu watatu mezani, mkuu wa mitambo katikati. Wakaniuliza kuhusu zamu, kuhusu moto ukitokea, kuhusu mshahara ninaoutarajia. Nikajibu vizuri, hata sikutokwa na jasho. Mwishoni bwana mmoja mwenye faili akasema, "Hili ni la kawaida tu, tunathibitisha fomu. Umeandika huna ndugu. Ni sahihi?"

Mdogo wangu, ningesema ndiyo, wangefunga faili na leo ningekuandikia habari nyingine. Nikasema, "Si sahihi. Ninaye mmoja. Alikuwa dereva wa lori, aligonga mtu, yuko gerezani miaka minne sasa. Niliandika uongo kwa woga."

Yule bwana akageuza kurasa za faili lake. Mkuu wa mitambo akaweka kalamu chini. Wakasema asante, tutakujulisha.

Lakini nilipotoka nje nilipumua. Sijapumua hivyo tangu Februari. Hata wasiponichukua, nilijisemea, angalau sasa nimekuhesabu.

Jumamosi hii nakuja.

Kaka yako

4 Aprili. Kabla sijaifunga bahasha hii, barua yako ya tarehe 11 Machi imefika. Imechukua siku ishirini na nne. Nimeisoma mara tatu. "Usibadilishe hata nukta." Ulijuaje nilichoandika? Mdogo wangu, nani alikuja huko? Sasa sijui kama nije au nisije. Nitasubiri unijibu.


Nyumbani, 12 Mei

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Mama mzima, shemeji yako mzima. Mlango umeanza kubanduka rangi.

Wamenijulisha. Hawakutuma barua, mkuu wa mitambo alinipigia simu niende, akanipokea mwenyewe, tukakaa kwenye ngazi za nje kama wanafunzi waliofukuzwa darasani. Akasema, "Mzee, nilitaka uisikie kwangu." Mimi mwenyewe huwa najiita mzee kwa utani. Siku hiyo neno lilinikaa.

Akaniambia mambo ambayo nadhani hakuruhusiwa. Ndugu kufungwa si kizuizi kwao, hakujawahi kuwa. Yule jamaa wa Mwalimu, aliyeandika mjomba amefungwa, aliachwa kwa sababu hakujua kazi. Kama ningeandika ukweli Februari wangeniuliza swali moja na kuendelea. Na kama kungekuwa na kule kukiri kwangu tu siku ya mwisho, bila jambo jingine, bado yeye angenitetea, alikuwa ameshaandaa maneno. "Woga tunauelewa," alisema.

Kilichoniangusha ni karatasi nyingine. Mpekuzi wao alisikia mtaani kwamba nina mdogo wangu gerezani, akaja huko kwenu Machi. Wana maelezo yaliyosainiwa mbele ya askari. Yanasema: mtu huyu si ndugu yangu, tulipanga nyumba moja tu, alikuwa ananitembelea kwa huruma.

Saini naijua. Hiyo nayo nilikufundisha mimi.

Basi wao wana fomu inayosema sina ndugu, mfungwa anayesema mimi si ndugu yake, na mimi dakika ya mwisho ninayesema ninaye. Yule bwana wa faili akawaambia wenzake kwamba hapa kuna mtu anayejitungia familia, na hatujui ni kwa faida gani, na mtu huyo anataka tumpe funguo za ukumbi wenye siri za mabenki. "Maelezo hayalingani," wakaandika, wakafunga.

Nikamwambia mkuu wa mitambo, "Lakini ni mdogo wangu." Akasema, "Mimi naamini." Halafu akaitwa ndani.

Sina hasira. Labda ninayo kidogo. Niandikie.

Kaka yako


Gerezani, 3 Juni

Kaka,

Shikamoo kwa mama. Salamu kwa shemeji.

Barua zako mbili nilipewa siku moja, ya Aprili na ya Mei, zimefungwa pamoja kwa uzi. Nilianza na ya Mei kwa bahati mbaya.

Bwana Miwani, hii isome taratibu. Najua itakwenda juu, na najua ikienda juu nini kitatokea. Naandika kwa akili zangu.

Tarehe 10 Machi niliitwa ofisini. Kulikuwa na mtu mwenye mkoba, viatu safi sana. Akanionyesha fomu. Akasema, "Huyu ameomba kazi kwetu. Ameandika hana ndugu. Watu mtaani wanasema wewe ni mdogo wake. Nani mkweli?"

Niliona mwandiko wako, kaka. Niliona sifuri. Nilihisi kama mtu amefungua mlango wa lori likiwa kwenye mwendo. Miaka minne nimewaambia watu humu kwamba kaka yangu hanionei haya.

Halafu nikafikiri. Sikufikiri muda mrefu, yule mtu alikuwa anatazama saa. Nikasema moyoni: huyu hajanikana, huyu anatafuta kazi ili anitoe. Nikisema mimi ni ndugu yake, nimemfanya mwongo mbele ya wanaotaka kumwajiri. Nikasema, "Ameandika kweli. Simjui hivyo. Tulipanga nyumba moja." Akaandika, nikasaini. Nilirudi karakana nikiwa nimeridhika, wallahi. Niliona ni kitu cha kwanza cha maana nilichokufanyia tangu uanze kunibebea mizigo.

Siku ya pili yake nilikuandikia usibadilishe. Sikuweza kusema wazi, kwa sababu kutoa maelezo ya uongo mbele ya askari ni kosa humu. Barua ikalala mezani. Na wewe ukaenda ukasema ukweli. Kaka, maisha yako yote umekuwa ukichelewa kila mahali. Ilikuwaje siku ile ukawahi?

Sasa nasema wazi, na barua hii iwe ushahidi: maelezo niliyosaini tarehe 10 Machi ni ya uongo. Aliyeomba kazi ya kupoza mitambo ni kaka yangu, mama mmoja, baba mmoja, hatuna mwingine. Kosa ni langu. Ipeleke kwa yule mkuu wa mitambo. Nimemwomba Bwana Miwani aipige mhuri wa gereza ili waiamini, na ameniambia akiipiga mhuri lazima apeleke nakala kwenye jalada langu. Nikamwambia apige.

Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Umebakiza wiki sita tu, wewe. Ngoja kamati ipite ndipo uandike." Ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema jambo lisilokuwa amri. Nikamwambia kazi ya watu haingoji wiki sita.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika baada ya siku tatu. Bwana Miwani, asante. Sijui kwa nini nimeishiwa utani nawe.

Mama hajambo. Amenituma niseme hivi, neno kwa neno: "Mwambie nimesikia." Hakuongeza.

Niliipeleka barua siku ile ile. Mkuu wa mitambo alitoka mpaka getini, akaisoma amesimama, akairudia sehemu ya mwisho. Nafasi ilishajazwa tangu Mei na mmoja wa wale wenye kompyuta za mapajani. Akaniuliza kama anaweza kubaki na nakala, iingie kwenye faili langu, ili angalau kilichoandikwa humo kisibaki kama kilivyo. Nikamwachia. Akasema nikiona tangazo lingine niombe. Nikasema nitaomba. Sote tulijua nina miaka hamsini na miwili. Siku hizi natengeneza majokofu ya watu majumbani, hapa moja, pale moja. Si ajira ya kudumu, lakini maziwa ya watu hayachachi.

Ulichoambiwa wewe na kamati najua: umekataliwa, rudi baada ya miezi kumi na minane, nidhamu ina doa. Lakini hukuwepo chumbani nilipoingia mimi, kwa hiyo nikueleze.

Kumbe na wao wana usaili. Meza ndefu, watu watano, karani mwisho wa meza na jalada lako. Nilivaa suti ile ile. Kiti kilikuwa cha mbao, namshukuru Mungu.

Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti ya upole inayotisha. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Kaka yake."

Akageuza kurasa. "Hapa mfungwa amesaini kwamba huna undugu naye. Hapa amesaini kwamba unao. Na wewe mwenyewe, tunasikia, uliwahi kuandika huna ndugu."

"Ndiyo, mheshimiwa. Niliandika."

"Una ajira?"

"Sina."

Mmoja wao akahema. Mwenyekiti akaweka mikono juu ya jalada. "Basi bwana, nisaidie kuelewa. Huna sifa ya tatu kati ya zile tulizotaka, na unajua huna. Mfungwa ana kosa la mwezi wa tatu. Ulijua tutakataa. Umekuja kufanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri usiku kucha, mdogo wangu, ya kuwafanya walie. Yote yakaniponyoka. Nikasema, "Nimekuja kusema ni mdogo wangu. Nilipoulizwa mara ya kwanza nilisema sina. Nimeona niseme mahali panapoandikwa."

Hakuna aliyelia. Mwenyekiti akasema uamuzi utabaki vile, hawawezi kuruka sheria, na nikasema naelewa. Nikainuka. Halafu akamgeukia karani akamwuliza, "Kwenye ndugu wa karibu kumeandikwa nini?"

Karani akasoma: "Hana. Ilibadilishwa Machi, kufuatana na maelezo yake."

"Rekebisha."

Karani akachukua rula, akapiga mstari juu ya lile neno, mstari mmoja ulionyooka. Akaniuliza jina langu kamili, nikamtajia, la kwangu, la baba, la babu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa. Akaniuliza uhusiano, nikamwambia, akaandika. Kisha akaligeuza jalada upande wangu ili nihakiki.

Nilisoma mara mbili. Nikamwambia iko sawa.

Jumamosi nakuja.

Kaka yako